Kuficha Jina la Wi-Fi au Kuliacha Wazi

Ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) iliyofichwa jina huacha kulitangaza, lakini simu ya mwenye nyumba inapojiunga hulitaja waziwazi, na yeyote aliye karibu mwenye programu ya kunasa mawimbi hulisoma papo hapo. Tena simu nyingi huendelea kuuita mtandao huo kwa jina hata zikiwa sokoni au ndani ya daladala, jambo linalomfichua mwenyewe bila kujua. Jina lililoachwa wazi halina kasoro hiyo. Kinachoilinda nyumba hasa ni usimbaji, yaani kuyafumba mawasiliano yasisomwe na wengine, wa WPA3, mfumo wa usalama wa Wi-Fi uliotoka mwaka 2018, au angalau WPA2 iliyoutangulia, pamoja na nenosiri refu: kiwango cha chini ni herufi 8, nami nasisitiza zisipungue 16. Jina lenyewe lisitaje ukoo wala namba ya nyumba.