Canterbury ya mbao au stendi ya waya ya miaka ya 1950?

Canterbury ni stendi fupi ya Kiingereza yenye vigawanyo, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya karatasi za nota za muziki. Kwa bei, stendi ya waya ya kuwekea majarida inashinda kwa mbali. Kwa matunzo pia: ondoa kutu, paka rangi, basi. Canterbury ya mahogani, mbao ngumu yenye wekundu, inataka jicho kali. Kagua matundu ya wadudu, viungo vilivyolegea na magurudumu ya shaba, maana huenda yamebadilishwa. Lakini vigawanyo vyake husimamisha nota wima bila kuzikunja, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Waya huacha alama kwenye karatasi kuukuu. Mpiga piano mwenye nota za zamani achukue Canterbury. Mwenye majarida tu, stendi ya waya inamtosha.