Mpira upigwe ulipolala, au usogezwe?

Sisi wa Tabora mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili, na ndipo wacheza gofu wanapobishana: mpira uliolala kwenye tope, uupige hapohapo au uusogeze? Uingereza ruhusa ya kuusogeza wanaiita kanuni ya majira ya baridi. Kwetu shida ni tope.

Kuupiga ulipolala ndiyo gofu yenyewe, wala hakuhitaji tangazo. Lakini mpira wenye donge la udongo ubavuni hukata kona usiyoitaka, hata kama umeupiga vizuri.

Kuusogeza kuna masharti. Kamati inayosimamia mchezo itangaze kwanza. Uwe umelala kwenye nyasi zilizokatwa fupi, usogezwe ndani ya umbali uliotajwa, mara nyingi inchi 6 au urefu wa fimbo moja, na usilikaribie shimo zaidi. Ukishauweka, basi, hakuna kuupanga upya. Anayeuinua bila tangazo na kuupiga kutoka pengine anaongezewa mipigo miwili.

Wengi wanadhani raundi iliyochezwa kwa kusogeza mpira haiingii kwenye hendikapu, yaani idadi ya mipigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake. Inaingia! Mfumo wa dunia wa hendikapu ulioanza 2020, unaochukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, unaipokea mradi kamati imetumia kanuni ipasavyo.

Kwangu mimi, mvua ikinyesha tusogeze. Ila uwanja ukikauka tangazo liondolewe mara moja. Ukiliacha hadi Agosti, unawatengenezea watu hendikapu ya chini kuliko uwezo wao, na wakienda kushindana Arusha wanaumia.