Jumamosi asubuhi sokoni Tanga: uzoefu wangu wa kununua mboga, matunda na viungo

Kwa anayepika nyumbani kila siku, soko la Mgandini Jumamosi asubuhi nalipatia alama nne kati ya tano. Alama moja naikata kwa ajili ya vipimo, na nitaieleza kwa kirefu maana hapo ndipo hela za wengi zinapopotelea. Hizo nne ni kwa sababu ya mahali Tanga ilipo. Mbele kuna bahari, nyuma kuna Muheza na milima ya Amani, juu zaidi kuna Lushoto. Kabichi na karoti za baridi, machungwa ya joto na nazi za pwani vinakutana kwenye soko moja, na vingi vinakuwa vimekaa barabarani saa chache tu.

Muda mzuri ni kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi. Ukiwahi sana unawakuta wa jumla bado wanagawana mzigo na wa rejareja hawajapanga. Ukipita saa 4, jua limeshapiga majani na nyanya nzuri zimeshachaguliwa. Jumapili soko lipo, ila mboga za majani ni za kuangalia mara mbili, kwani nyingi ni masalia ya jana yaliyonyunyiziwa maji. Usiangalie jani, geuza fungu uangalie shina lilipokatwa. Likiwa jeupe au la kijani na lina unyevu, limechumwa karibuni. Likiwa la kahawia na limekauka, hayo maji ya juu ni pambo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, kwa hiyo tegemea vibanda kuchelewa kufunguliwa.

Salimia kwanza, hasa wamama watu wazima. Shikamoo haikugharimu kitu na inafungua maongezi. Kisha uliza swali moja kabla ya bei: mzigo umetoka wapi, na umeshuka lini? Wauzaji wengi wanajibu wazi. Karoti zilizoshuka alfajiri ya leo na zilizoshuka Alhamisi zinaweza kufanana kwa macho, lakini za Alhamisi ukizikunja zinapinda badala ya kukatika.

Sasa vipimo. Vinatumika vinne kwa pamoja: fungu, kisado, ndoo na kilo. Fungu ni la nyanya, vitunguu, bamia, ndimu na nyanya chungu. Kisado na ndoo ni vya maharage, kunde na viazi. Kilo ni ya mchele, sukari na baadhi ya viungo. Kwenye fungu bei haibadiliki, kinachobadilika ni fungu lenyewe. Mvua ikiharibu barabara ya mlimani, fungu la 1,000 linabaki la 1,000 lakini nyanya zinatoka sita zinakuwa nne. Ndiyo maana natembea na mizani ndogo ya kuning'iniza. Fungu la 1,000 likija gramu 600, kilo unainunua kama shilingi 1,670, na hapo unaweza kulinganisha na anayeuza kwa kilo au kisado. Bila hesabu hiyo, macho hudanganyika na namna fungu lilivyopangwa, makubwa mbele na madogo nyuma. Omba kuligeuza, muuzaji mwaminifu hakatai.

Wa fungu hapunguzi bei, anaongeza. Ukimwambia apunguze mtavutana bure. Mwambie, "Mama, niongeze mbili," utapewa bila maneno, na akikuzoea anakuongezea kabla hujaomba.

Kisado ni kindoo cha lita 4. Kabla hakijajazwa, kitazame kitako: vipo vilivyobonyezwa kwa ndani, na hapo unapunjwa kila kinapojazwa. Viazi vikubwa vitupu huacha mapengo, kwa hiyo omba mchanganyiko, vidogo vizibe nafasi. Chenye kitako kizima kikijaa maharage makavu hadi kilemba hutoa zaidi ya kilo tatu. Kikija pungufu ya hapo, uliza.

Mizani ya muuzaji nayo inapimika. Beba chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Ikiwekwa, mizani isome kilo moja na nusu na kidogo juu yake, uzito wa chupa. Ikisoma kilo moja na robo tatu, kila kilo utakayopimiwa hapo ina pengo. Sipendi kumwaibisha mtu mbele ya wateja. Naaga na kuhamia kibanda kingine.

Mkichanga majirani kununua gunia la viazi, msikimbilie lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kwa kuona limevimba. Sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga vita kile kilemba cha juu. Gunia lisilopimwa halina bei ya kilo, lina bei ya kukisia tu, na anayeumia kwanza ni mkulima wa mlimani aliyelijaza.

Kwenye matunda, wageni wa Tanga hukwama kwenye machungwa. Chungwa la Muheza huiva ganda likiwa bado la kijani. Ganda hubadilika rangi pale usiku unapokuwa wa baridi, na pwani usiku una joto, kwa hiyo rangi haikuambii lolote kuhusu utamu. Chukua mawili ya ukubwa sawa, moja kila mkono, ubaki na zito. Ganda liwe laini, lisiwe na matuta. Jepesi lenye ganda nene limeshakauka ndani. Yanauzwa kwa idadi, na ukichukua mia bei ya moja inashuka vizuri, lakini yakifika nyumbani yatandaze kwenye kikapu kilicho wazi. Moja likiota ukungu ndani ya mfuko uliofungwa, kesho kutwa unayo kumi.

Maembe yanajaa kuanzia Novemba hadi Februari: dodo, bolibo, sindano. Nusa pale kikonyo kilipokuwa; lisilonukia limechumwa changa hata kama limegeuka manjano. Plamu na pichesi za Lushoto zinakuja kipindi hichohicho, kuanzia Desemba, na hizo nunua za kula siku mbili tu. Ndizi, kama familia ni kubwa, ulizia mkungu badala ya chane, uutundike, ule kuanzia chane za juu zinazotangulia kuiva.

Muhogo una siri yake. Huanza kuharibika ndani siku moja hadi tatu baada ya kung'olewa, huku ganda likiwa bado linapendeza. Mwombe muuzaji auvunje ncha. Nyama ikiwa nyeupe kabisa, chukua. Ukiona mistari ya bluu au nyeusi imepita kama nyuzi, achana nao, hautaiva vizuri na una uchungu. Kisamvu kilichotwangwa kiwe cha kijani kibichi, kisiwe kimeingia weusi, na ukipike siku hiyohiyo hadi kiive kweli. Kibichi kina sumu ya muhogo, hakionjwi.

Nazi itikise sikioni: maji yasikike yakicheza. Kisha tazama macho yake matatu, yawe makavu. Yenye unyevu au ukungu imepasuka mahali na imeanza kuchacha. Ukikuniwa hukohuko sokoni, nenda moja kwa moja nyumbani, maana nazi iliyokunwa haivumilii joto la Tanga hata saa chache.

Viungo ndivyo vinavyonirudisha kila mara. Iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu za Amani na Muheza zina harufu ambayo pakiti za dukani haziifikii. Ila nunua kidogo kwanza, ukajaribu nyumbani. Pilipili manga itie kwenye glasi ya maji: nzuri huzama, na mbegu za papai zilizochanganywa huelea. Karafuu nayo itie majini. Yenye mafuta huzama au husimama wima kichwa juu, iliyokwisha hulala ubavu juu ya maji. Iliki pasua punje moja hapohapo kibandani: mbegu ziwe nyeusi, zimeshikamana, zinanata kidogo. Zikiwa nyeupe na kavu, ilichumwa kabla ya wakati. Mdalasini ulambe tu, utamu utaujua.

Nunua kwa mpangilio huu: viungo, viazi na nazi, kisha machungwa, kisha nyanya, majani mwisho. Samaki naenda kuwafuata soko la samaki la Deep Sea baada ya yote, na barafu kwenye kindoo chenye mfuniko. Mashavu yawe mekundu na nyama irudi ukiibonyeza. Nyama ikiwa imelegea na mifupa imevunjikavunjika ndani, huyo huenda amevuliwa kwa baruti, usimchukue.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na mifuko mbadala inayouzwa mlangoni huachia mkono ukishaweka nazi nne. Beba kikapu cha ukili kwa mizigo mizito na ndoo ya lita 10 kwa nyanya mbivu. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, njia za masoko yetu hujaa tope na maji hayatoki haraka, kwa hiyo vaa ndala za mpira na usikubali mboga zilizopangwa chini bila turubai. Chenji za 500 na 1,000 ziwe za kutosha, kwani kutuma kwa simu fungu moja moja kunakula makato. Bei ya bajaji mkubaliane kabla hujapakia. Mzigo ukishaingia ndani, wewe ndiye unayebembeleza.