Oxford Learner's ya mtandaoni: nimeipima kwa neno guts

Kwa wale mnaotafsiri muvi, barua za kazi au chochote cha Kiingereza, naombeni muiangalie hii kamusi ya Oxford Learner's iliyoko mtandaoni, ile ya bure, maana naona watu bado wanahangaika na app zinazokupa neno moja halafu zinakuacha hapohapo.

Mi kamusi naipima kwa neno fupi lenye mambo mengi, na langu ni gut, au guts likiwa wingi. Ukilichukulia juujuu ni utumbo, basi. Sasa kwenye muvi mtu anamwambia mwenzie you don't have the guts, kuna app inakuandikia "huna utumbo" jamani, wakati jamaa anaambiwa hana ubavu, hathubutu. Na kwetu huku utumbo ukishatoka kwenye bakuli la supu unakuwa maneno ya ovyo, "acha kuongea utumbo", yaani mtazamaji anaelewa kitu kingine kabisa.

Oxford inazipanga maana moja moja na kila moja ina sentensi zake za mfano, hapo ndo utamu wake ulipo. Kuna utumbo wenyewe wa kupitisha chakula, kuna tumbo kubwa la mtu, kwa hiyo beer gut unajua moja kwa moja ni kitambi cha bia, kuna ujasiri, kuna kiini cha jambo, halafu kuna ile gut feeling ambayo ukisoma mifano yake mwenyewe utasema aah, kumbe ni machale, machale yamemcheza! Likiwa kitendo ni kile wanachofanya vijana wa pale Feri, soko la samaki la Dar, kumpasua samaki na kumtoa matumbo, na nyumba ikiungua ndani yote zikabaki kuta nayo wanasema imekuwa gutted. Hadi nyuzi za ala za muziki zinazotengenezwa kwa utumbo wa mnyama zimo.

Chini kabisa kuna misemo, msiiruke. To hate somebody's guts ni kumchukia mtu hata kumsikia hutaki, to work your guts out ni kupiga kazi kufa na kupona. Na pembeni ya maana wanakuwekea alama kama neno ni la mtaani, sasa wewe unayeandika barua ya kuomba kazi hiyo alama inakuokoa. Matamshi yapo ya Uingereza na ya Marekani, unabonyeza unasikia.

Inaeleweka hivi kwasababu tangu mwanzo ilitungwa kwa ajili ya wanaojifunza, A. S. Hornby aliyeianzisha alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani na toleo la kwanza lilitoka kulekule mwaka 1942.

Ubaya wake, matangazo ni mengi na bila bando hufungui kitu. Halafu Kiswahili hamna humo, maelezo yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo moyo, ubavu, kitambi na machale utavitafuta kichwani mwako mwenyewe. Kwa mtafsiri iko vizuri sana, mi naitumia kila siku, ila mdogo wako wa form one mpe kwanza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hii aje nayo akishaweza kusoma maelezo bila kukwama kila mstari.