Huduma ya kufunga bwawa kabla ya baridi, Columbus: nyota nne kati ya tano

Ndugu zangu mlionunua nyumba zenye bwawa huku Ohio, hii ni yenu. Bwawa la kuogelea lililochimbiwa ardhini haliachwi wazi baridi ikiingia. Maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9, na mabomba yaliyofukiwa chini ya saruji hayana nafasi ya kuvimbia. Yakipasuka, ni kubomoa sakafu na kuyafukua. Kwa hiyo nililipa kampuni ya huku kwetu dola 325 waje wanifungie.

Fundi aliyekuja anaijua kazi yake. Alipunguza maji hadi chini kidogo ya skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta majani, kisha akaunga mashine ya upepo upande wa pampu. Mwanzoni matundu ya kurudishia maji yalitoa mapovu ya kusuasua, mara yakachachamaa, maji yakachemka pale ukutani. Hapo ndipo akazamisha mkono na kukaza kizibo cha mpira huku upepo bado unasukuma, maji yasipate upenyo wa kurudi. Bomba la sakafuni halifikiki kwa mkono, basi alilipuliza mpaka mapovu yakaibuka katikati ya bwawa, akafunga vali papo hapo. Hewa iliyonasa mle ndani ndiyo inayozuia maji kupanda tena. Kwa kazi hii peke yake, pesa yangu imelipa.

Pampu aliifungua vizibo vyote vya chini ikamwaga maji, na vizibo akavitia ndani ya kikapu cha pampu ili visipotee. Filta ya mchanga vilevile. Kwenye skima alimimina dawa ya kuzuia kuganda ya propilini glikoli. Ile ya gari usiiguse, ni sumu.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya tarehe. Ofisi yao iling'ang'ania katikati ya Septemba, wakati maji bado yana joto. Ukifunika maji ya vuguvugu, mwani unakua chini ya turubai, na mwezi wa tano unafungua dimbwi la kijani. Nilikataa, nikasubiri yashuke chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, na ilibidi nipige simu zaidi ya mara moja ndipo wakanipa siku ya Oktoba. Shikilieni hapo hapo, msiyumbishwe.

Pia waliniuzia boksi la dawa kwa bei ya juu, na ndani yake ni klorini na dawa ya mwani tu. Hizo nunueni wenyewe dukani, mtie mapema, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6 kabla fundi hajafika.

Turubai langu ni la wavu, lenye kamba na springi zinazoshikwa na vigingi vya shaba. Kamba za upande wa kina kirefu zililegea. Nilipomwonyesha alizikaza bila kununa. Nina watoto wadogo, kwa hiyo nilizivuta moja moja kabla hajaondoka, na nanyi fanyeni hivyo.

Nimeshaweka miadi ya kufungua mwezi Mei, na nimeomba fundi yuleyule.