Wigi kwa kichwa kilichonyolewa kijeshi: lesi, nywele halisi au nywele za paji?

Mwanajeshi wa kiume anayevaa kike, iwe jukwaani kwenye sherehe za kikosi au faraghani akiwa likizo, ana shida ambayo tathmini nyingi za wigi haziigusi: hana nywele. Maelekezo ya kawaida huanza kwa kukuambia usuke mistari kwanza, kisha ubane wigi kwa vitana. Kichwa kilichopitishwa mashine namba moja kina nywele za milimita 3 hivi, hazisukiki wala hazibaniki. Tena asubuhi kuna gwaride, na paji lenye gundi iliyokauka linaonekana kabla ya buti lisilong'arishwa. Kwa hiyo hapa wigi inapimwa kwa mambo matatu: ikae bila nywele chini yake, itoke bila kuacha alama, na ivumilie kukaa sandukuni kwa wiki kadhaa. Kwa vipimo hivyo, ile ya bei kubwa kuliko zote ndiyo inayoanguka mtihani.

Kabla ya aina, saizi. Pima kwa utepe wa fundi cherehani: anzia nywele zinapoanzia kwenye paji, pita juu tu ya masikio, zungusha mpaka kishogoni chini ya kile kifundo cha fuvu. Wigi za saizi ya kati hutengenezwa kwa vichwa vya takriban sentimeta 54 hadi 57. Vichwa vingi vya wanaume vimeshafika 57 au vimepita, na hapo unatakiwa kuagiza saizi kubwa. Vikamba vya kurekebisha vilivyoko nyuma vinakupa sentimeta mbili hivi tu, havigeuzi saizi ya kati kuwa kubwa. Njia ya mkato: namba iliyoandikwa ndani ya bereti mara nyingi ni mzingo wa kichwa kwa sentimeta. Saizi ya kofia ya chuma usiifuate, kwa sababu ile inahesabu na mito ya ndani.

Wigi ndogo hujisaliti baada ya nusu saa. Ukingo wa nyuma unapanda kishogoni, wa mbele unarudi nyuma, na paji linarefuka ghafla. Kubwa nayo inakunjamana juu ya masikio na kuvimba kisogoni. Angalia vile vipande viwili vinavyoshuka mbele ya masikio: vilale bapa, vyote kwa urefu mmoja. Kimoja kikiwa juu ya mwenzake, wigi imekaa upande, na hata uichane vipi haitanyooka.

Sasa aina zenyewe. Wigi ya nywele halisi yenye lesi mbele (wavu mwembamba kwenye ukingo wa paji) ni nzuri kuitazama, hilo halina ubishi. Inakubali pasi ya nywele na inalala kwa uzito wa nywele za kweli. Lakini mtindo wake haudumu. Ukiitoa sandukuni baada ya wiki tatu lazima uioshe, uikaushe na uipige pasi upya, kazi ya saa kadhaa inayohitaji umeme, kioo na faragha. Mtu anayeishi bwenini na wenzake vitu hivyo vitatu havipati kwa pamoja. Juu ya hayo ni nzito, na uzito huo juu ya fuvu lililonyolewa unaivuta nyuma muda wote. Kwa mwanajeshi, alama 2 kati ya 5. Akistaafu na kuwa na nyumba yake, arudi kuitazama.

Wigi ya sintetiki, yaani ya nyuzi za kiwandani, yenye lesi mbele inapunguza tatizo la kwanza: mtindo uliwekwa kiwandani kwa joto, ukiikung'uta unarudi. Tatizo la lesi linabaki. Wavu huo unaiga ngozi ya kichwa, na ili usionekane unapaswa kulala kwenye ngozi kabisa. Wengi hapo hukimbilia gundi. Hata gundi ya maji, ambayo ndiyo laini kuliko zote, hubaki kama utando kwenye paji, hukusanya vumbi, na siku ya pili hunata kwenye ukingo wa ndani wa bereti. Ukiivua wigi kwa haraka bila kuilainisha gundi kwa mafuta, ngozi inabaki na mstari mwekundu kutoka panja hadi panja. Jasho nalo huiyeyusha gundi hiyohiyo wakati unaihitaji. Usipoweza kuikwepa, jaribu kipande kidogo cha utepe wenye gundi pande mbili nyuma ya sikio na usubiri saa 24 uone kama ngozi inawasha, kisha utumie vipande viwili tu vya utepe huo, sentimeta 2 kila kimoja, kwenye panja. Katikati ya paji acha. Alama 3.

Kuna jambo jingine kuhusu lesi ambalo raia hakutani nalo. Anayevaa kofia juani kila siku ana paji la rangi mbili: sehemu ya juu iliyofunikwa ni nyepesi, chini yake imekolea, na mpaka wake umenyooka. Lesi inakaa hapohapo kwenye mpaka. Ukiipaka rangi ya kufanana na shavu, inaonekana kama bandeji juu ya sehemu nyepesi; ukiifananisha na sehemu nyepesi, mstari wa kofia unabaki chini yake na kumwambia kila mtu kazi yako. Dawa ni kuanza na ngozi. Paka fandesheni ya rangi ya shavu kutoka kwenye nyusi hadi sentimeta mbili ndani ya mstari wa nywele, iache ikauke, kisha pitisha poda ya rangi hiyohiyo upande wa ndani wa lesi kwa brashi. Angalia na kidevu, maana mkanda wa kofia ya chuma huacha mstari wake pia.

Kukata lesi: wigi ikiwa kichwani, fuata mstari wa nywele kwa mkasi mdogo ukienda kwa meno madogomadogo, ukiacha milimita 2 hadi 3 za wavu. Ukikata kwa mstari mmoja ulionyooka, ukingo unaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Aina ya tatu ndiyo tunayoipendekeza, japo wauzaji huiweka rafu ya chini: sintetiki isiyo na lesi, yenye nywele za kushuka kwenye paji mpaka usawa wa nyusi, urefu wa kugusa mabega au mfupi zaidi. Nywele za paji zinaficha ukingo, zinaficha ule mstari wa kofia, na zinafupisha paji pana. Hakuna gundi, hakuna poda ya lesi, na inavaliwa kwa dakika mbili. Usiende chini ya mabega. Nyuzi za sintetiki huharibika kwa kusuguana, na pa kwanza kuchakaa ni kishogoni, zinapogusa kola na mabega. Kadiri zinavyokuwa ndefu ndivyo zinavyofungana mapema. Kasoro zake ni mbili: huwezi kuirudisha nyuma na kuonyesha paji, na ikiwa mpya inang'aa mno. Mng'ao unapungua kwa poda ya mtoto kiasi cha nusu kijiko cha chai, inyunyize ndani, ikung'ute, uichane. Alama 4 na nusu.

Alama hiyo lakini inategemea kitu kinachouzwa peke yake na ambacho watu wengi hawakinunui: mkanda wa mahameli. Ni utepe wa upana wa sentimeta 4 hivi, una manyoya mafupi pande zote mbili na velkro nyuma. Upande mmoja unashika vijinywele vya kichwa, mwingine unashika kitambaa cha ndani cha wigi. Uvae sentimeta moja nyuma ya mstari wa nywele, ukikaza kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake. Ukikaza zaidi, kichwa kinauma ndani ya saa moja na paji linabaki na bonde. Hakikisha upande mkali wa velkro umefunikwa wote, la sivyo unararua wavu wa wigi. Mkanda unashika vizuri kuliko siku zote ukiwa na siku tatu nne tangu unyolewe. Kichwa kilichonyolewa kwa wembe siku hiyohiyo kinateleza. Futa mafuta kwa pamba yenye spiriti kidogo, subiri kikauke, ndipo uvae. Ipo na mikanda ya silikoni yenye matundu. Inashika, ila jasho linakusanyika chini yake na kushuka machoni.

Vitana vidogo vilivyoshonwa ndani ya wigi viondoe vyote. Havina nywele za kushika na vinachora mistari myekundu kwenye fuvu ambayo bereti haiifichi kisogoni. Kata nyuzi zake tu kwa mkasi mdogo, ukiangalia usikate mshono wa wigi. Kwa onyesho lenye kucheza, shona vifungo viwili vya kubonyeza kwenye mkanda usawa wa panja, na wenzao ndani ya wigi. Hapo hata ukiinama haidondoki.

Jukwaani viwango vinalegea, kwani mtazamaji wa karibu yuko mita kadhaa. Wanajeshi wamevaa kike jukwaani kwa muda mrefu, na makamanda wakikaa viti vya mbele. Kundi la Wakanada, The Dumbells, lililoundwa Ufaransa mwaka 1917 katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, lilipata umaarufu mkubwa kwa sababu ya Ross Hamilton, askari aliyeigiza mwanamke aitwaye Marjorie, na baada ya vita likazunguka kumbi za raia. Kwa kazi ya namna hiyo chagua wigi yenye umbo kubwa na rangi moja iliyokolea. Ufundi wa lesi hakuna anayeuona kutoka kule.

Wigi nzuri haisaidii kidevu chenye kivuli cha ndevu, kwa hiyo neno fupi. Nyoa baada ya maji ya moto, subiri ngozi itulie, paka rangi ya chungwa safu nyembamba mahali penye kivuli tu, kisha fandesheni, kisha poda ya kubana. Kivuli kina rangi ya buluu na chungwa linaiua. Bila hiyo utaongeza fandesheni mpaka uso uwe zege. Nyusi usizinyofoe. Zilaze kwa gundi ya karatasi ya shule na uzifunike, kesho zipo.

Kuhusu kesho yenyewe: maskara isiyoingia maji iache dukani, hubaki kama wanja chini ya macho hata baada ya kunawa mara mbili. Vipodozi toa kwa mafuta kwanza, ndipo sabuni, na ufute kwa kitambaa cheupe ili uone kilichobaki. Pembe za macho, nyuma ya taya na ndani ya masikio ndipo panaposahaulika. Vumbi la kumetameta ni marufuku kabisa. Linaingia kwenye shuka, kwenye kola, kwenye nyusi, na linapojitokeza huwa ni mbele ya sajenti.

Kuhifadhi. Adui mkubwa wa wigi kambini ni velkro ya sare ya kivita. Koti likigusa nyuzi, velkro inazing'oa, wigi inaharibika, na nywele ndefu inabaki inaning'inia pale pa jina lako. Usiziweke mfuko mmoja hata kwa safari ya saa moja. Ikunje wigi sikio kwa sikio, ivalishe wavu, iweke kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na pakiti moja ya silika ya kunyonya unyevu. Mfuko wa plastiki unafuga ukungu. Kama kikosi chenu hukaguliwa makabati, au amri za kudumu haziruhusu, mahali pake ni nje ya kambi. Kwenye amri hizo utafute vifungu vya mwenendo, maana neno mavazi huenda lisiwepo kabisa; na ziko nchi ambazo sheria ya raia yenyewe inaadhibu. Jambo moja majeshi mengi hulikataza: kuchanganya sare au alama za cheo na nguo za maonyesho. Sketi ya dukani sawa, bereti yenye nembo juu ya wigi hapana. Na ukiagiza ukiwa kazini nje ya nchi, kumbuka kifurushi cha kimataifa hubandikwa fomu ya forodha inayotaja kilichomo, na karani wa posta huisoma.

Kuosha ni baada ya kuvaa mara nane hadi kumi, mapema zaidi kama ulitoka jasho. Ichane ikiwa kavu kuanzia ncha kwenda juu, ichovye kwenye maji baridi yenye shampuu kijiko kimoja kwa dakika tano bila kusugua, suuza, ibonyeze ndani ya taulo, itundike. Usiichane ikiwa mbichi, usiianike juani, na maji ya moto yanaua mtindo moja kwa moja. Mkanda wa mahameli uoshe kwa mkono kila baada ya kuvaa mara mbili tatu, maana ukishiba mafuta ya kichwa hauishiki tena wigi na utaanza kuilaumu wigi bure. Manyoya yake yakilala bapa na yasisimame hata baada ya kuosha, nunua mwingine. Ndiyo sababu ni vizuri kuagiza miwili tangu mwanzo.