Shilingi moja ya Kenya: ibaki, au tulipe kwa tano?

Sarafu ya twiga, ile ya shilingi moja iliyotolewa na wenzake Desemba 2018, siioni tena dukani. Bei ni 149, unatoa 150, na muuza duka ananyoosha mkono kwenye mtungi wa peremende kabla hata hajafungua droo. Kwa hiyo kuibakiza kunalinda bei kamili kwenye karatasi tu. Chenji yenyewe umeshaila.

Njia ya pili, kuiondoa sarafu na kulipa kwa tano, imejaribiwa Kanada, iliyoacha kusambaza senti moja Februari 2013. Anayelipa taslimu husogezewa jumla ya risiti, si bei ya kila bidhaa, hadi tano iliyo karibu. Kwetu 147 ingeshuka hadi 145, na 148 ingepanda hadi 150. Ukilipa kwa M-Pesa, 148 ni 148.

Wasiwasi wangu ni kwa anayenunua kitu kimoja kimoja, mkate leo, kiberiti kesho: bei zikijaa 98 na 99, kila mara atapandishiwa. Mwenye kikapu kizima, jumla yake huangukia popote. Hata hivyo ningeiondoa. Shilingi mbili za kupandishiwa naziona kwenye risiti, peremende sikuiomba.